Je, Wajua? Ioni Zilizomo Ndani ya Nyanya ya Dumila

Elektroni 18, majina matatu
Shuka Dumila, pale njia panda ya Kilosa kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma, nunua nyanya, kata, nyunyiza chumvi. Umekutanisha ioni tatu tofauti, na kila moja ina elektroni 18! Zinatofautishwa na protoni: 17 ni klorini ya chumvi, 19 ni potasiamu, 20 ni kalsiamu. Kwa hiyo ukitafuta jina la ioni, hesabu protoni kwanza.

Chaji ni hesabu ya kutoa tu
Protoni toa elektroni, basi. Potasiamu: 19 toa 18, chaji +1. Kalsiamu: 20 toa 18, +2. Klorini: 17 toa 18, −1.

Protoni moja inaokoa kitako cha nyanya
Umewahi kuona nyanya changa yenye kitako cheusi kilichodidimia? Mara nyingi kalsiamu haikufika kwenye tunda, hasa pale umwagiliaji unapokuwa wa kusuasua, kwa sababu ioni hiyo husafiri na maji. Chaji yake ya +2 hushika nyuzi mbili za pektini kwa pamoja, kama gundi kati ya kuta za seli. Potasiamu, yenye +1, haiwezi kazi hiyo hata ikijaa tele. Tofauti yao ni protoni moja tu! Mimi hili hunistaajabisha kuliko mengine yote hapa.

Nyutroni hazibadilishi jina
Potasiamu nyingi ina nyutroni 20, lakini karibu atomi 1 katika kila 8,500 ina 21, na hiyo ni nunurishi. Ndani ya mwili wa mtu mzima atomi hizo huvunjika zaidi ya 4,000 kila sekunde, na bado zilikuwa potasiamu halali.

Ipo ioni isiyo na elektroni hata moja
Ni ya haidrojeni: protoni moja, basi. Ndiyo inayoufanya ukwaju uwe mchachu.

Aliyethibitisha alikuwa na miaka 25
Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alipima eksirei za elementi na kuonyesha kwamba chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni, si uzito, ndiyo inayoipa elementi nafasi yake katika jedwali la elementi. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915.

Jaribu hii
Protoni 26, elektroni 23. Ni ioni ya chuma, chaji +3, ile inayoupa udongo wa miteremko ya Uluguru wekundu wake.