KIBOKO: NENO LILILOFIKA BILA MNYAMA WAKE

Ukisimama ufukweni mwa Ziwa Kivu hapa Gisenyi, utaiona mitumbwi ya wavuvi na milima ya Kongo ng'ambo ya pili, lakini hutamwona kiboko. Ziwa hili halina viboko kama walivyo katika Ziwa Edward na Ziwa Tanganyika. Tena, katika Kinyarwanda, mnyama huyo huitwa imvubu. Hata hivyo neno "ikiboko" halimpiti mzee yeyote wa Rubavu, na akilisikia hafikirii mnyama bali mjeledi. Neno hilo lilifikaje hapa bila mwenyewe? Swali hili latuhusu sisi wanajeshi na polisi kuliko raia wengine, kwani waliolileta walikuwa askari.

Jina na ndugu zake

Kiswahili kina maneno mengi ya vitu vya kupigia: fimbo, bakora, henzerani, mjeledi. Kiboko ni mjeledi uliokatwa katika ngozi nene ya mnyama huyo, ukakaushwa hata ukawa mgumu na wenye kingo kali. Sarufi ndiyo inayotutofautishia: kiboko huyu hula nyasi, kiboko hiki hula migongo.

Waingereza nao wanalo neno la mjeledi huo huo, ambalo wengi wao hawalijui: kurbash. Kwao ni jina la mjeledi, na pia ni kitenzi, yaani kumchapa mtu kwa mjeledi huo. Asili yake ni Kituruki. Neno hilo lilienea hadi Misri na Sudani, na Wafaransa wakalitamka courbache, Wajerumani Karbatsche. Kamusi za Kiswahili pia zimelihifadhi kwa umbo la kurbaji, ingawa siku hizi ni nadra kulisikia. Nchini Misri mjeledi huo ulitumika kuwatoza wakulima kodi na kuwasukuma katika kazi za shokoa za kuchimba mifereji, mpaka ulipopigwa marufuku rasmi mwaka 1883.

Hamsa ishirini

Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikwenda Cairo kuandikisha askari wa Kisudani, akawaleta pwani yetu kupigana na Abushiri. Hao ndio waliokuwa msingi wa jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki. Walitoka katika nchi ya kurbash, wakaingia katika nchi ya kiboko.

Mwezi wa Aprili 1896 serikali ya Berlin ilitoa amri ya kuratibu adhabu hiyo: viboko visizidi 25 kwa mara moja, wanawake wasichapwe, wala Waarabu na Wahindi. Amri hiyo iliyokusudiwa kuweka mpaka ndiyo iliyoifanya hesabu hiyo kuwa jina. Watu waliwaita Wajerumani "watu wa hamsa ishirini", yaani wenye viboko ishirini na vitano. Rwanda ilikuwa sehemu ya koloni hilo, na Gisenyi, ambayo Wajerumani waliiandika Kisenyi, ilikuwa kituo chao cha mpakani.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, lakini mjeledi ulibaki. Wao waliuita chicotte, neno lenye asili ya Kireno, ila migongo haikuona tofauti. Uliambatana na akazi, yaani kazi ya kulazimishwa ya kutengeneza barabara na kulima mazao yaliyoamriwa. Chifu aliyeshindwa kutoa watu aliweza kuchapwa yeye mwenyewe, naye akirudi kilimani aliwachapa walio chini yake. Watu wengi walihama wakaenda Uganda kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Hivyo mjeledi uliotumika kuwaleta watu kazini ndio uliowakimbiza nchini.

Mkono ulioshika

Ndugu askari, hapa ndipo tunapopaswa kutua na kutafakari. Ofisa wa kizungu alihesabu tu; mkono uliochapa ulikuwa wa askari Mwafrika. Askari huyo huyo akikosa kambini alilazwa chini kama alivyowalaza wengine. Waingereza waliifuta adhabu hiyo katika jeshi lao wenyewe mwaka 1881, lakini askari Waafrika katika majeshi ya makoloni yao waliendelea kuchapwa hata wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tena askari huyo alitoa amri kwa Kiswahili. Ndiyo maana Kinyarwanda, chenye jina lake la mnyama, kiliazima jina letu la mjeledi. Kwa raia wengi wa milima hii, kiboko kilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza ya Kiswahili waliyoyajua, nao waliyajulia mgongoni.

Leo vijana wa mjini wakimsifu mchezaji husema, "Huyu ni kiboko!" Hatuwalaumu, lugha ina haki ya kusahau maumivu. Lakini sisi tuliovaa sare hatuna haki hiyo. Kifungu cha 14 cha Katiba ya Rwanda chakataza mtu yeyote kuteswa au kutendewa ukatili unaomdhalilisha. Mshukiwa aliye mikononi mwa polisi ni mtu. Kuruta aliyechelewa gwaride ni mtu. Nidhamu inayotegemea mjeledi hudumu muda ule tu ambao mwenye mjeledi anatazama. Akigeuka, nayo imekwisha. Nidhamu ya kweli humlinda askari na raia hata usiku wa giza, afisa asipokuwapo.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na kila siku tunakitumia mpakani na wasafiri wanaokwenda Goma na kurudi. Mzee anayepita hapo na mzigo wake huenda alisimuliwa na babaye maana ya neno ikiboko. Tumpokee kwa maneno mengine ya lugha hiyo hiyo: shikamoo, karibu, pole, tafadhali. Yakizoeleka hayo, tutakuwa tumelipa sehemu ya deni la waliotutangulia katika sare.