Sikio Lijualo Juu na Chini
Na Mwanafunzi wa Kidato cha III

Katika vilima vya Tarime mara nyingi twamwona mama akiteremka njia ya mawe na ndoo ya maji kichwani, wala haishiki kwa mkono. Mwili wake hujuaje kwamba umesimama wima? Wengi watajibu kuwa ni kwa macho. Lakini ukifumba macho bado wajua kama umelala au umeinama.

Ubongo una mashahidi watatu. Wa kwanza yumo ndani kabisa ya sikio. Humo mna vifuko viwili vyenye vinyweleo vidogo mno, na juu yake vimelala vijiwe vya chokaa. Ukiinamisha kichwa, dunia huvivuta vijiwe upande huo, vinyweleo hupinda, na neva hupeleka habari kwenye ubongo. Karibu na vifuko hivyo mna mirija mitatu ya nusu duara yenye maji, nayo hupima kugeuka kwa kichwa. Zunguka mara kumi kisha simama ghafula: maji yale yangali yakienda, nawe utaona uwanja mzima unazunguka.

Shahidi wa pili ni macho. Wa tatu ni nyayo, misuli na viungo, ambavyo hueleza jinsi mwili ulivyokaa. Ubongo hulinganisha maneno ya wote, kisha huiamuru misuli.

Mimi na wenzangu tulisimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kwanza macho wazi, kisha tumefumba. Tulipofumba, sote tulipepesuka upesi. Jaribuni nanyi.

Jambo hili si mchezo tu. Mtu akizeeka, vinyweleo vya sikio hupungua, na nyayo hupotewa na hisia. Basi mzee huyategemea macho zaidi. Usiku taa ikizimwa, shahidi huyo naye huondoka. Ndipo bibi huanguka na kuvunjika nyonga. Tena, mwenye ugonjwa wa sikio la ndani huweza kuyumba kama mlevi, hali hajaonja pombe. Si haki kumcheka.

Kwa hiyo, iwe kwenu ni Sirari au Mugumu, mwekeeni mzee taa karibu na kitanda, na kuondoa ndoo na majembe njiani. Fimbo yake pia iwe karibu, maana kwa mkono ulioishika ubongo hupata habari za ardhi.