Kabla ya Ng'ombe, Kipimo

Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, mwanamke aliyefikia utu uzima bila mtoto, au bila mtoto wa kiume, ana njia ambayo wenzake wengi nchini hawana: anaoa. Anatoa ng'ombe wa mahari, anamleta binti nyumbani, na watoto ambao binti huyo atazaa na mwanamume aliyechaguliwa wanahesabiwa kuwa wa nyumba ile. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ntobhu inasimama kwa nguvu ya mila peke yake.

Ukiitazama kitaalamu, mila hii ina akili yake. Inaazima tumbo la mwingine na mbegu za mwingine, mambo ambayo kliniki kubwa duniani huyafanya kwa mikataba na maabara. Jambo isilolifanya ni kuuliza kwa nini mimba haikushika tangu mwanzo.

Shirika la Afya Duniani linahesabu ugumba pale mimba isipopatikana baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita hukutana na hali hiyo wakati fulani maishani. Madaktari hawasubiri mwaka mzima mwanamke akiwa amevuka miaka 35; miezi sita inatosha kuanza uchunguzi, kwa kuwa mayai hupungua idadi na ubora kadiri umri unavyosonga.

Uchunguzi huo unawahusu wawili, ingawa kijijini lawama humwangukia mmoja. Takribani nusu ya kesi zina tatizo upande wa mwanamume, likiwa peke yake au likichangia. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote za tendo na bado mbegu zake zikawa chache, dhaifu, au zisiwepo kabisa. Kuongeza mke wa pili hakumtibu, na pengine wake wote wawili wataitwa tasa.

Kwa mwanamke, jambo la kwanza ni kujua kama yai linapevuka. Hedhi inayoruka miezi mara nyingi huashiria mvurugiko wa homoni, na hapa ndipo tiba ilipo rahisi kuliko watu wanavyodhani: vidonge vya letrozoli au klomifeni, vinavyomezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, huamsha ovari. Ni dawa za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa kwa ultrasaundi, si za kujinunulia dukani, maana zinaweza kuleta mimba ya mapacha.

Mirija ni habari nyingine. Afrika Mashariki, mirija iliyoziba ni miongoni mwa sababu kuu za ugumba, na mara nyingi chanzo ni kisonono au klamidia isiyotibiwa, au maambukizi yaliyofuata uzazi au mimba iliyoharibika. Klamidia ni mjanja: wanawake wengi hawaoni dalili yoyote huku kovu likijijenga ndani. Kwa hiyo binti wa nyumba ntobhu anayebadilishiwa wanaume bila yeyote kupimwa anaweza kuambukizwa ugonjwa utakaomfunga kizazi, na mila iliyokusudiwa kuponya ukosefu wa watoto ikazaa ugumba mpya.

Njia ya kuiona mirija ni picha ya eksirei inayopigwa huku dawa maalumu ikipitishwa kwenye mfuko wa uzazi. Zile chupa za "kuzibua mirija" na "kusafisha kizazi" zinazonadiwa stendi na kwenye simu haziondoi kovu. Upasuaji wa matundu madogo husaidia baadhi ya wanawake. Mrija uliojaa maji mara nyingi hushauriwa utolewe kabisa, kwa sababu maji yake hupunguza nafasi ya kiinitete kujishikiza.

Mirija ikishindikana, kinabaki kile ambacho Watanzania hukiita upandikizaji mimba: yai na mbegu hukutanishwa maabara, kisha kiinitete hurudishwa tumboni. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hii, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Leo huduma hiyo ipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kwa gharama ya mamilioni ya shilingi na bila uhakika wa mtoto kwa jaribio moja. Kwa familia ya Mugumu au Nyamongo, hao ni ng'ombe wengi, na ndiyo maana vipimo vya awali vifanyike kwanza, kuanzia hospitali ya wilaya hadi rufaa ya Bugando, Mwanza.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni kipimo cha mbegu za kiume. Mume hukaa siku mbili hadi saba bila tendo, hutoa sampuli, nayo hufika maabara ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya, hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, kwani mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Zisipoonekana kabisa, daktari huchunguza kama njia imeziba au kiwanda chenyewe kimesimama. Ikiwa ni njia tu, zinaweza kuvutwa kwa sindano kwenye korodani, na tangu mwaka 1992 inajulikana kwamba mbegu moja ikidungwa ndani ya yai inaweza kutosha kupata mtoto.