Sauti Ndani ya Gari la Jeneza: Tulivyojifundisha Kijapani

Mwenye gari lililotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu huenda ameisikia sauti hiyo. Unapowasha injini, kabla hujafunga hata mkanda, mwanamke asiyeonekana husema jambo kwa upole mkubwa, kisha hunyamaza. Gari la msikiti wetu, Hiace iliyonunuliwa kwa michango ya waumini ili ibebe jeneza, nalo lilikuja na mwanamke huyo. Kila tulipoondoka na maiti kuelekea makaburini, neno la kwanza kusikika baada ya mlango kufungwa lilikuwa la Kijapani.

Wazee wa kamati walikuwa na rai tofauti. Mmoja alisema gari linatoa salamu. Mwingine alihofia kuwa ni dua ya dini nyingine na akataka fundi aiondoe siku hiyo hiyo. Fundi alikuja, akafungua dashibodi, akasema kukata nyaya ovyo kunaweza kuzima na vingine visivyohusika. Ndipo mzee mmoja alipotugeukia: "Katibu, wewe umesoma chuo. Hebu tuambie linasema nini."

Chuo tulisoma, ni kweli, lakini tulichosoma ni Kiarabu, fiqhi na hadithi. Mzee hakuona tofauti. Kwake yeye lugha ngeni ni lugha ngeni, na aliyeiweza moja aiweze na nyingine. Tulicheka pamoja naye, tukarudi nyumbani, lakini jambo lile halikututoka. Siku chache baadaye, baada ya swala ya Alfajiri, tulikaa na daftari jipya la mistari na kuanza.

Mwalimu hatukuwa naye. Tulichokuwa nacho ni simu, na ndani ya simu masomo ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ambalo lina idhaa ya Kiswahili na hutoa masomo ya Kijapani kwa wanaoanza, yakiwa na maelezo ya Kiswahili. Mtu wa Unguja, Tanga au Mombasa hahitaji kupitia Kiingereza ili afike Tokyo.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni jinsi kinywa cha Mswahili kilivyo tayari kwa lugha hii. Irabu zake ni tano, nazo ni zile zile zetu: a, i, u, e, o. Silabi nyingi huishia kwa irabu kama za kwetu. Wajapani nao, wakikopa neno la watu, hulivisha irabu kama tufanyavyo sisi. Sisi tunasema basi, wao husema basu. Mtego uko kwenye urefu. Obasan ni shangazi au mama mdogo, na obaasan ni bibi. Kite ni njoo, na kitte, kwa kuikaza ile t, ni stempu ya barua. Aliyesoma tajwidi hashangai, kwa kuwa amekwisha kufunzwa kwamba kurefusha panapofupishwa kunaweza kugeuza maana.

Maandishi ndiyo kazi. Wajapani wana mifumo mitatu, nayo yote hukutana katika sentensi moja. Hiragana ina herufi za msingi 46, na huandikia maneno ya asili na viungo vya sarufi. Katakana nayo ina 46, na huandikia zaidi maneno yaliyotoka nje. Juu ya hizo ziko kanji, alama zilizotoka Uchina, ambazo orodha yake rasmi ya matumizi ya kawaida tangu mwaka 2010 ina alama 2,136. Mtoto wa Kijapani huzisoma miaka yote ya shule. Mtu mzima mwenye kazi, familia na vikao vya kamati asidhani atazimaliza kwa Ramadhani moja.

Tulirudi kwenye njia tuliyofundishwa nayo utotoni. Mwanetu wa kiume anasoma madrasa kwa ubao wa kuandikia na kufuta, basi tukawa tunauazima. Tunaandika herufi tano, tunazisoma kwa sauti, tunafuta, tunaziandika tena bila kutazama. Kila alama ina mpangilio wake, mstari upi utangulie na upi ufuate, kwa kawaida kutoka juu kwenda chini na kutoka kushoto kwenda kulia. Mama watoto wetu alitukuta siku moja tukizisoma kwa kuyumba mbele na nyuma kama watoto wa chuoni. Akasema kilichobaki ni bakora tu.

Kanji zilitupendeza kuliko tulivyotarajia. Alama ya mti ni mti kweli, shina na matawi. Miti miwili ikikaa pamoja ni kichaka, na mitatu ni msitu. Mtu akiegemezwa kwenye mti, alama inayopatikana ni ya kupumzika. Kwa utamu huo tukatumbukia kwenye kanji na kuidharau katakana. Tulijiambia kwamba katakana ni ya maneno ya kigeni tu, ngoja ikae. Kosa hilo tutalirudia hapa chini.

Sarufi yao ina mahali pawili ambapo Mswahili hujiona nyumbani. Pa kwanza ni kuhesabu. Wanafunzi wengi wageni hulalamika kuwa Wajapani hawahesabu vitu kwa namba tupu. Vitabu viwili ni nisatsu, karatasi mbili ni nimai, vitu virefu kama kalamu au miti viwili ni nihon, na watu wawili ni futari. Mwingereza akisikia hayo hushika kichwa. Sisi tunaosema watu wawili, vitabu viwili, kalamu mbili na majani mawili, tutashangaa nini? Si ngeli hasa, lakini ni jirani yake. Pa pili ni adabu ya jina la mzazi. Ukimzungumzia mama yako mbele ya mgeni husema haha, lakini mama wa mwenzako ni okaasan, neno la heshima, na ndilo unalomwitia mama yako mwenyewe ukiwa nyumbani. Unajishusha wewe na watu wako, unamnyanyua mwenzako. Bibi zetu wa pwani wangeielewa kanuni hiyo bila daftari.

Kitu kigumu ni kusubiri. Kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho wa sentensi, na kukubali au kukataa hukaa mwisho wa kitenzi. Mimi maji ninakunywa, ndivyo wanavyopanga: watashi wa mizu o nomimasu. Ukitaka kukanusha, mwanzo wote unabaki vile vile, ila mkia nomimasu unakuwa nomimasen. Msikilizaji hajui kama jambo lipo au halipo mpaka msemaji amalize. Sisi Waswahili tunakanusha mapema, "si-" na "ha-" zinatangulia, na tumezoea kumkatiza mtu katikati. Kwa Kijapani ukikatiza, umekosa jibu.

Mkia huo ndio uliotufungulia gari. Ilikuwa mwezi wa tatu wa masomo, tumekaa kiti cha mbele, jeneza la mzee mmoja wa mtaa likiwa nyuma. Dereva akawasha, na kwa mara ya kwanza tukasikia maneno badala ya sauti: kaado ga soonyuu sarete imasen. Kaado ni kadi. Soonyuu ni kuingiza. Imasen ni ule mkia wa kukanusha. Kadi haijaingizwa. Maskini mwanamke yule alikuwa akiulizia kadi ya kulipia barabara kuu za Japani, miaka yote hiyo, kwenye barabara ya vumbi ya makaburini. Hatukusema kitu hadi maziko yalipokwisha. Tulipowaeleza wazee, yule aliyehofia dua alisema alhamdulillah, na yule wa salamu akanuna kidogo.

Tangu siku hiyo tulijiona wajuzi. Hapa tunalazimika kumtaja mtu aliyekuwa mjuzi kweli. Toshihiko Izutsu, msomi wa Tokyo aliyezaliwa mwaka 1914, alitoa kati ya 1957 na 1958 tafsiri ya kwanza ya Qur'an kwa Kijapani iliyotoka moja kwa moja kwenye Kiarabu. Zilizotangulia zilipitia lugha za Ulaya. Hakuwa Mwislamu, na tafsiri ya Mwislamu wa Kijapani, Umar Mita, ilifuata mwaka 1972. Izutsu katika ujana wake alisoma kwa wanazuoni wawili wa Kitatari waliokuwa Tokyo, Abdurreshid Ibrahim na Musa Jarullah Bigiev. Uzeeni alisimulia jinsi Sheikh Musa alivyomtembelea nyumbani, akaona vitabu vyake vingi, akamuuliza angefanya nini nyumba ikiungua. Izutsu hakuwa na jibu. Sheikh akamlinganisha na konokono anayetembea na nyumba mgongoni, kwa kuwa elimu ya sheikh mwenyewe ilikuwa kifuani, kwa hifdhi. Hata mtu mwenye kipaji kama kile alikuwa na wa kumsahihisha, ana kwa ana. Walimu wetu chuoni nao walikuwa wakituonya juu ya mtu ambaye sheikh wake ni kitabu. Sisi sheikh wetu alikuwa simu.

Karibu na Idi alikuja bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mjukuu wake alikuwa Japani miezi michache tu, akisoma kwa Kiingereza. Kijana alikuwa amempata mtu wa kumletea bibi yake zawadi, na miongoni mwake lilikuwemo sanduku zuri la keki ndogo zilizofungwa moja moja. Bibi alitaka kuwagawia wajukuu na watoto wa madrasa, lakini ni mtu wa tahadhari. "Ustadhi, nimesikia unaijua lugha yao. Nisomee kama hizi zinalika."

Tulivaa miwani. Kanji mbili tulikuwa tumejifunza mahususi kwa jambo hilo: buta, nguruwe, na sake, kileo, alama ambayo upande wake mmoja ni matone matatu ya maji na upande wa pili ni mtungi. Tuliitafuta orodha ya viungo mstari kwa mstari, hatukuziona. Neno moja la katakana lilitupa shida kidogo, tukalisoma burasodee na kusema moyoni huenda ni jina la tunda. Tukamrudishia bibi sanduku. Tukamwambia, zinalika.

Miezi miwili baadaye tulipoishika katakana kwa dhati tulifika mahali ambapo kila anayeanza hujikwaa. Herufi ya so na ile ya n hufanana mno. Zote zina kistari kifupi na kirefu, na tofauti ni mwelekeo wa kistari: cha so hushuka kutoka juu, cha n hulala na kirefu hupanda. Sisi tuliotenganisha be, te na the kwa nukta tukiwa na miaka sita hatukuwa na udhuru. Jioni ile tulikumbuka burasodee. Mtoto wetu alikuwa amehifadhi sanduku lile kwa uzuri wa picha zake, akiwekea penseli. Tukaligeuza. Burandee. Ni brandi, kileo, imeandikwa kwa katakana kwa sababu ni neno la kigeni, na alama ya matone na mtungi haimo kabisa.

Tulikwenda kwa imamu kwanza. Alisema walioila hawakujua, na aliyekula bila kujua hana lawama. Kisha akatutazama bila kuongeza neno. Sote tuliosoma tunaijua aya ya Suratul Israa inayohusu kufuata jambo usilo na elimu nalo.

Kwa bibi tulikwenda usiku huo huo, kwani tulijua tukilala tutapata sababu ya kuahirisha. Tulimpa shikamoo, tukakaa, tukamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, lile neno ulilijua?" Tukasema hatukulijua. "Basi mbona ulisema?" Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu, na hatukuwa na la kumjibu.

Kwa wenye watoto huko, tunaandika hapa yale tunayoyajua kwa hakika, na waumini wachukue nakala. Mbali na buta na sake, watazame raado, mafuta ya nguruwe. Mirin, kiungo cha mapishi chenye kileo. Yooshu, kileo cha kizungu kinachotiwa kwenye keki na chokoleti. Shusei, spiriti inayotiwa vyakula visiharibike. Na zerachin, jelatini, ambayo asili yake lazima iulizwe. Kama kuna mtu wa kumuuliza, sentensi ni hii: arukooru wa haitte imasu ka? Je, kileo kimo? Asubiri mkia. Haitte imasu, kimo. Haitte imasen, hakimo.

Wiki iliyopita bibi alikuja tena, na biskuti safari hii. Tulisoma kwa saa nzima, tukimwonyesha kila neno kwa kidole. Mstari mmoja wa kanji ukatushinda, tukamwambia hatuujui. Alirudisha biskuti mkobani bila kinyongo, akasema atampigia mjukuu aulize dukani. Baada ya swala ya Ijumaa alitusubiri mlangoni upande wa wanawake, akatupa jibu kwa Kijapani: haitte imasen. Ile t ya katikati aliikaza barabara, kuliko sisi tunavyoikaza.