Kadi ya bure iliyokula sanduku la kwaya

Wengi wenu mnajua kama mimi ni mutunza sanduku wa kwaya ya vijana katika parokia yetu hapa Niemba. Mwezi huu nataka kuwaeleza namna sanduku lile lilivyofunguliwa na mtu ambaye hajakanyaga mlango wa kanisa letu hata siku moja, na namna ufunguo alivyopewa na mtoto wa dada yangu mwenyewe.

Sanduku letu si la mbao. Gari la moshi la kutoka Kalemie linaweza kukawia sana, na njia si salama kwa mtu anayetembea na feza kiunoni, basi tuliona vema kuziweka kwa simu. Ziliingia kidogo kidogo. Arusi moja, dola tano. Mandazi ya siku ya soko, dola mbili na nusu. Wachimbaji waliorudi kutoka upande wa Nyunzu kusherehekea Noeli walitoa sadaka nzuri. Tulifikisha dola 86, na tulikuwa tunatafuta gitaa na kipaza sauti kidogo cha kutumia paneli ya jua. Simu ilikaa kwa mwandishi wa kwaya, yule mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19. Mimi niliandika hesabu kwa daftari. Jina lake sitalitaja. Yeye aliniruhusu kuandika habari hii, kwa sharti moja tu: niandike yote, nisifiche na upande wangu.

Siku moja alikuja jikoni anachekacheka.

"Mama mukubwa, nimeshinda kadi."

"Kadi ya nini?"

"Kadi ya zawadi ya lile duka kubwa la Marekani. Dola mia mbili. Ni bure, haulipe kitu."

Mesaji ilitoka kwa rafiki yake, kijana wa kanisa kama yeye. Ulipoifungua, ulionyeshwa masanduku tisa madogo, uchague moja. La kwanza tupu, la pili tupu, la tatu kadi! (Baadaye tulijaribu kwa simu ingine: la kwanza tupu, la pili tupu, la tatu kadi. Kila mtu anashinda kwa la tatu.) Kisha aliambiwa atume mesaji ile kwa watu 15, naye akaituma kwa kwaya nzima. Mimi nilifanya nini? Nilimwambia, "Mungu akubariki, lakini kwanza ukachote maji." Huo ndio upande wangu. Sikuuliza swali hata moja.

Baadaye "msaidizi" alianza kumwandikia, kwa Kifaransa kizuri na adabu nyingi. Kulikuwa na dola 5 za kufungua kadi. Kijana alizitoa mfukoni mwake. Kukawa na dola 18 za ushuru, sababu kadi inatoka inje ya nchi. Hizo hakuwa nazo. Alizikopa kwa simu ya kwaya, akijua kesho atarudisha. Halafu dola 35 za kubadilisha kadi iwe feza za simu. Nilimuuliza juu ya nini hakusimama pale kwa dola 18. Alinijibu: "Mama, kama ningesimama, hizo kumi na nane zingekuwa zimepotea." Wazazi, jibu hilo msilicheke. Mtu aliyechimba shimo mita kumi bila kuona kitu naye anasema hivyo hivyo, anaongeza mita mbili. Wale wezi wanajua jambo hilo. Ndiyo sababu hawaombi dola 58 siku ya kwanza.

Kwanza tuelewe kadi yenyewe ni kitu gani, maana kadi za zawadi ziko kweli, si bongo. Mnakumbuka karte za mayunite za kukwangua: unanunua, unakwangua kwa ukucha, unaona tarakimu, unaziingiza kwa simu. Kadi ya zawadi ni ndugu yake. Kule Ulaya na Marekani mtu anainunua dukani, ya Amazon, ya Apple, ya Google Play, anampa rafiki yake siku ya kuzaliwa, naye anaingiza kode na kununua kitu cha bei ile. Thamani yote iko ndani ya tarakimu. Anayeziona kwanza na kuzitumia ndiye mwenye kadi; karatasi inayobaki ni takataka. Tena kadi nyingi zimefungwa kwa nchi yake. Ile ya Amazon ya Marekani inatumika kwa duka la Amazon la Marekani, si pahali pengine, na kadi ya Apple ya Ufaransa haifunguki kwa akaunti ya Marekani. Hata kama kijana wetu angepewa kadi kweli, angenunua nini nayo hapa Niemba, na nani angemletea?

Kuna pia zile programu zinazosema zinatengeneza kode za bure zenyewe: unabonyeza, tarakimu zinazunguka, kode inatoka. Hapo ni uongo mtupu. Kode ya kweli inapata uhai wakati kampuni inapopokea feza yake. Tarakimu zisizolipiwa ni kama noti niliyochora mimi kwa kalamu.

Sasa vijana wataniuliza: mama, hakuna njia hata moja ya haki? Iko, lakini ni nyembamba. Kampuni zingine kubwa zinatoa pointi kwa mtu anayejibu maswali yao au anayetumia huduma yao. Google iko na programu yake ya maoni, Google Opinion Rewards. Microsoft iko na yake, Microsoft Rewards. Hawaombi hata senti moja ya kuingia. Lakini malipo yake ni madogo sana. Google wenyewe wanasema maswali ya mara moja yanalipa mpaka dola moja, na mara nyingi ni senti chache. Tena programu hizi zimefunguliwa kwa nchi kadhaa tu. Kabla ya kujaza jina lako, tafuta orodha ya nchi. Kama Kongo haiko, acha. Ukidanganya kwamba unakaa Paris, akaunti inaweza kufungwa na pointi zako kwenda nayo. Na hesabu mamega: ukitumia mamega ya franka elfu moja kupata zawadi ya franka mia tano, umefanya kazi ya kumlipa mwenye rezo.

Kijana wa watu alitegemea pia neno la Mungu. Alimwambia mchungaji kwamba Mungu aliwapa Waisraeli mana jangwani bila kazi. Baba mchungaji alimwangalia, akamuuliza kama Musa aliwaomba watu dola 18 za ushuru kwanza. Hapo hata mimi nilicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka.

Lakini sisi watu wazima tusijione wenye akili. Mwaka 1991, nchi ingali Zaire, mtu mmoja aitwaye Michel Bindo Bolembe alikuwa na kampuni kule Kinshasa, Bindo Promotion. Ulipeleka feza zako, ukangoja wiki chache, ukarudishiwa nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa kweli! Hapo ndipo ubaya ulipo. Walilipwa kwa feza za wale waliokuja nyuma, na wakawa mashahidi. Kila mmoja alienda kumwambia shemeji yake. Watu waliuza vitu vya nyumba kusudi wapeleke feza kwa Bindo. Mwaka ule ule kampuni ikaanguka, na wa nyuma walibaki na kartasi mkononi. Hakukuwa na intaneti. Kilichobeba jambo lile kilikuwa kinywa cha jamaa na cha rafiki.

Ngambo ya ziwa nao hawakupona. Kule Tanzania kulikuwa na DECI. Wao walitumia lugha ya kanisa: kuweka feza waliita kupanda mbegu, na kulipwa waliita kuvuna. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na viongozi wakafikishwa mbele ya mahakama. Mama aliyepanda mbegu ya karo ya watoto hakuipanda kwa tamaa. Aliipanda sababu aliyemwalika alikuwa amepiga magoti pamoja naye.

Siku hizi mbegu inapandwa kwa simu. Mwaka 2022 kule Kenya kulikuwa na programu ilijiita Amazon Web Worker. Haikuwa ya Amazon. Iliiba jina tu. Watu walilipa kiingilio, wakafanya vikazi vya kubonyezabonyeza, siku moja ikazimika na feza zao. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya LBL kule Tanzania: unalipa kwanza, kisha unatazama matangazo ya filamu na kuhesabiwa mapato. Polisi waliwakamata watu. Jina linabadilika, lakini desturi ni ile ile ya Bindo: lipa kidogo, ona kidogo, leta mwenzako.

Kuna na biashara ingine ambayo nasikia vijana wa machimboni wanaalikwa: kuuza kadi za zawadi kwa bei ya chini, au kumsaidia mtu "kubadilisha" kode. Muogope sana. Kule Marekani wezi wanapigia wazee simu, wanawatisha kwamba wana deni la serikali au mjukuu wao amefungwa, wanawaamuru wanunue kadi na kusoma tarakimu kwa simu. Mwaka 2023 peke yake, watu waliopeleka mashtaka kwa ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi walisema walipoteza kwa njia hiyo zaidi ya dola milioni 200. Kode hizo lazima ziuzwe haraka. Kijana wa Niemba anayepokea kode nusu bei anaweza kuwa ameshika machozi ya bibi wa watu, naye anaita biashara.

Turudi kwa habari yetu, maana haikuishia kwa dola 58.

Baada ya malipo ya tatu msaidizi alisema: "Sasa utapokea tarakimu sita, nitumie, ni kode ya kadi yako." Tarakimu zikaja. Zilikuwa za WhatsApp, kode ambayo WhatsApp inakutumia mtu anapotaka kufungua namba yako kwa simu ingine. Kijana akazituma. Dakika chache baadaye simu yake ilimtupa inje, na mtu mwingine akawa anasema kwa jina lake, na picha yake ya joho la kwaya juu. Aliandikia watu: "Niko hospitali, nisaidie, nitarudisha kesho." Dada mmoja wa sauti ya pili alituma dola 10. Mjomba aliyekuwa Kisengo, kwenye machimbo ya koltani, alituma 20, feza za jasho la juma nzima. Mjomba hakuuliza sababu alimjua mtoto tangu tumboni.

Nataka wazazi mlishike jambo hili hata kama mengine mtasahau. Tarakimu sita za WhatsApp hazipewi mtu, na PIN ya feza za simu haipewi mtu, hata akisema yeye ni wa kampuni, hata akisema yeye ni mchungaji. Kama zimekwisha kutoka, usikae kulia. Fungua tena WhatsApp kwa namba yako, omba kode mpya, na ukiiingiza yule mwizi anatoka. Kama aliweka PIN yake ya hatua ya pili, utangoja siku saba, lakini yeye tayari hasomi tena. Ukiisha kuipata, weka wewe PIN hiyo ya hatua mbili. Badilisha PIN ya feza. Pigia watu wako sauti, si kuandika, waambie asiyejibiwa kwa sauti asitume kitu. Usifute mesaji za mwizi: tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu iko na sheria ya mambo ya dijitali, na makosa ya namna hii yameandikwa humo. Feza zenyewe, kwa kweli, mara nyingi hazirudi.

Kijana wetu alikaa siku nne bila kusema. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko dola. Katika siku hizo nne wengine watatu wa kwaya walikuwa wangali wanachagua masanduku kwa mesaji aliyowatumia yeye, na mmoja alikuwa amekwisha kulipa dola 5. Kama angalisema jioni ya kwanza, tungalizuia. Lakini nilipokumbuka namna nyumba yetu inavyopiga kelele mtoto akivunja sahani, nilielewa juu ya nini alinyamaza.

Siku ya mkutano wa kwaya alisimama mbele, akasema yote. Wengine walitaka aondolewe. Yule dada aliyepoteza dola 10 ndiye aliyekataa. Alisema akiondolewa, wengine waliodanganywa watajificha zaidi. Basi tuliandika deni: dola 53 za kwaya, 20 za mjomba, 10 za dada. Na yule aliyelipa dola 5? Alisema atajibeba mwenyewe, kiburi tu. Simu ya kwaya sasa inakaa kwangu, na PIN inajulikana na mzee wa kanisa peke yake, hata mimi siijui. Kutoa feza tunahitajiana wawili.

Kijana anabeba magunia ya mahindi na ya makala pale stesheni siku gari la moshi linapofika, na siku zingine analima shamba la watu. Mjomba alilipwa kwanza, kisha dada. Kila Jumamosi analeta kitu, franka elfu mbili, mara elfu tano, mimi naandika kwa daftari naye anaweka sahihi. Mpaka leo naandika hivi, imebaki dola 31, na gitaa bado tunaazima kwa Wametodisti.