Mgongo Unauma: Tulale au Tutembee?

Katika mikutano ya vikundi, hasa vya akina mama, maumivu ya mgongo, shingo na magoti yanatajwa karibu kila mara. Msimu wa palizi ukifika ndiyo yanazidi. Mmoja anaambiwa ni figo, mwingine ni baridi, mwingine ati ni uzee, avumilie tu. Tumeonelea tulieleze jambo hili, kwa sababu pesa nyingi za nyumbani zinaishia kwa sindano zisizohitajika.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake kuna vitu laini kama mito midogo. Misuli na kano ndizo zinazoushikilia wima. Mara nyingi maumivu hutoka kwa misuli na kano zilizochoka au kuvutika, wala si kwa figo. Figo zikiwa na ugonjwa, maumivu huwa zaidi ubavuni, chini ya mbavu, na mara nyingi kuna homa au mkojo unachoma.

Sasa tazama siku ya mama wa kijijini. Maji ya mtungi wa lita 20 yana uzito wa kilo 20. Akienda mtoni mara nne amebeba kilo 80, na ile kamba ya kichwani inavuta shingo njia yote. Kisha anainama na jembe masaa matatu bila kunyooka. Kuinama si kosa, mgongo umeumbwa uiname. Shida ni kukaa hivyo muda mrefu, na mzigo mzito kila siku bila kupumua.

Zamani mgonjwa wa mgongo aliambiwa alale wiki nzima. Ushauri huo umeachwa, maana kulala sana kunalegeza misuli. Kama maumivu ni makali, pumzika siku moja au mbili, halafu anza kutembea na kufanya kazi nyepesi, hata kama bado panauma kidogo. Kitambaa cha maji ya moto (yasichome ngozi!) husaidia. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita. Kwa magoti ya wazee, keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi tano, ushushe. Rudia mara kumi kila mguu, kila siku. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti linapunguziwa kazi.

Dawa za maumivu zinazouzwa dukani, kama ibuprofen na diclofenac, zinatuliza tu. Zikimezwa kila siku, tena bila chakula, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo zile zile tulizokuwa tukiziogopa. Mama mjamzito, na mwenye presha au vidonda vya tumbo, asizimeze kabla ya kuuliza kwenye zahanati.

Kuna maumivu yasiyongoja. Mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu ikikosa nguvu, au akifa ganzi katikati ya mapaja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika aliyeanguka kutoka mtini, na mtoto mwenye homa ambaye kiungo chake kimevimba na kina joto. Anayekonda, kutoka jasho usiku na kuumwa mgongo wiki nyingi apimwe kifua kikuu, kwa maana ugonjwa huo hushika hata uti wa mgongo, na usipotibiwa unaweza kumpoozesha. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Vikundi vinaweza kufanya mengi. Pesa za merry-go-round zinaweza kununua wilbaro ya kubebea mitungi, au tangi la kukinga maji ya mvua. Na akina baba, maji mnakunywa pia. Mkipalilia shamba kwa shamba, mmoja apewe kazi ya kuita kila nusu saa, wote wanyooke, watembee hadi mwisho wa shamba na kurudi.