Nyakasimbi Haikuwa na Jumba la Sinema, Lakini Ilikuwa na Sinema

Nyakasimbi haijawahi kuwa na jumba la sinema. Hatukuwa na ukuta wenye jina kubwa la taa za rangi, wala dirisha la tiketi, wala viti vya kukunjwa. Ukiitafuta kata yetu katika habari za sinema za zamani za Tanzania huioni. Lakini muulize mtu yeyote hapa aliyevuka miaka 35 ni wapi alipotazama picha kwa mara ya kwanza: atakutajia mahali, atakutajia stelingi, atakutajia na kiingilio.

Nafundisha historia katika sekondari moja ya wilaya hii ya Karagwe, na nimezoea kuwatuma wanafunzi wangu nyumbani na swali hilo. Majibu wanayorudi nayo yamenifanya niamini jambo moja: historia ya sinema nchini kwetu imeandikwa nusu. Nusu ya majengo ya mawe imeanza kuandikwa vizuri. Nusu ya turubai na mabati bado imo vichwani mwa watu, na watu hao wanazeeka.

Tuanze na nusu iliyoandikwa, maana ina mengi ya kutufunza.

Zanzibar ilipata jumba lake mashuhuri, Royal, mwaka 1921. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla, na mchoro ulitoka kwa J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyechora majengo mengi ya Unguja ya wakati huo. Baadaye jumba hilo likaitwa Majestic. Liliungua katika miaka ya 1950, likajengwa upya na kufunguliwa tena. Mji wa Zanzibar ulikuwa pia na Empire na Cine Afrique. Dar es Salaam ilikuwa na Empire yake, Avalon, Odeon, Empress, Cameo, Chox, na Amana kule Ilala. Tanga ilikuwa na Majestic, Regal na Novelty. Mwanza, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, walikuwa na Liberty na Tivoli. Mwaka 1966 Dar es Salaam ikapata sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, na waliokosa gari nao walipata namna yao ya kwenda.

Haya tunayafahamu kwa sababu kuna mtu aliyekaa na watu akawauliza. Laura Fair, mwanahistoria kutoka Marekani, alitumia miaka mingi kuzungumza na wenye majumba, wauza tiketi, waendesha mitambo na watazamaji wa kawaida, kisha mwaka 2018 akatoa kitabu kizima kuhusu sinema za miji ya Tanzania. Anayeisoma kazi yake anakutana na mambo ambayo hakuna faili la serikali lingeyahifadhi.

Chukua mfano wa vijana wa baiskeli. Mkanda wa filamu wa zamani haukuwa kitu kimoja. Gurudumu moja kubwa la mkanda lilichukua dakika kama 20, kwa hiyo picha ya Kihindi ya karibu saa tatu ilifika katika magurudumu manane au tisa. Nakala ikiwa moja na majumba ni mawili, jumba la kwanza lilianza mapema, na kila gurudumu lilipomalizika kijana alilipakia kwenye baiskeli akakanyaga mbio hadi jumba la pili. Pancha moja njiani, na ukumbi mzima ulikuwa unapiga miluzi. Halafu kuna maonyesho ya wanawake peke yao, siku ambayo akina mama wa Unguja walivaa vizuri wakaenda sinema bila minong'ono ya mtu. Na kuna Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ambayo watu waliirudia hadi wakaimba nyimbo zake bila kujua Kihindi.

Majumba hayo yalikufaje? Hayakufa kwa ugonjwa mmoja. Zanzibar, Mapinduzi ya 1964 yaliyaweka mikononi mwa serikali. Bara, sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo ilimfanya mwenye jumba awe mpangaji wa Msajili wa Majumba katika jengo alilolijenga mwenyewe. Mpangaji habadilishi viti wala hazibi paa kwa fedha yake. Uingizaji wa filamu ukawa kazi ya Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma lililoundwa mwaka 1968, na fedha za kigeni zilipoadimika picha mpya nazo ziliadimika. Televisheni ilianza Zanzibar miaka ya mwanzo ya 1970, bara tukaisubiri hadi 1994. Katikati ya hapo ikaingia deki ya video. Mtu aliyeweza kukodi mkanda akautazama sebuleni na majirani zake hakuwa tena na sababu ya kupanga foleni.

Leo Cine Afrique ya Unguja imebaki uso wa mbele tu. Empire ya huko imekuwa duka. Eneo la ile sinema ya magari ya Dar es Salaam limejengwa ubalozi wa Marekani, ingawa wenyeji bado wanapaita Drive-In. Kampala, sinema ya Norman iligeuzwa kanisa. Wanaoyapenda majumba haya wana kitu cha kupiga picha, hata kama ni gofu.

Sisi wa Nyakasimbi tupige picha nini?

Huku sinema ilikuja kwa gari. Jambo hilo lina umri mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza walifanya jaribio la filamu za kuelimisha Waafrika wakiwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt. Walitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na kuweka akiba, wakazungusha gari lenye mtambo na jenereta Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi kusini zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari ya aina hiyo yakawa kazi ya kawaida ya idara za serikali. Na filamu za Kiswahili nazo zilianza: Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, katika ujana wake alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika Muhogo Mchungu, moja ya filamu za mwanzo za Kiswahili. Baada ya Uhuru magari yaliendelea: ya habari, ya afya, ya ushirika. Yakaja na ya makanisa, yakionyesha filamu ya maisha ya Yesu ya mwaka 1979 iliyotiwa sauti ya Kiswahili.

Wazee wetu wanaeleza utaratibu wa maonyesho hayo vizuri kuliko kitabu. Gari lilifika mchana na kipaza sauti juu, likazunguka kutangaza. Mahali palikuwa uwanja wa shule au wa kanisa. Nguo nyeupe ilitandazwa kati ya miti miwili, jenereta likawekwa mbali ili lisizime sauti. Waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya nguo, wakatazama picha ikiwa imegeuka: aandikaye kwa mkono wa kulia wao walimwona wa kushoto. Picha ya kwanza ilikuwa ya choo bora au mbu. Iliyosubiriwa ilikuwa ya pili, ya kuchekesha. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, mbu alikuwa mkubwa kama ng'ombe. Tukasema, kumbe ndiyo sababu huko kwao wanaogopa malaria. Wa kwetu ni wadogo." Sikujua kama alikuwa anatania. Nikaandika hivyo hivyo.

Kisha likaja banda la video, lile ambalo nchi nzima inaliita kibanda umiza, kwa sababu ya mabenchi yake na jasho lake. Hili ndilo jumba letu la sinema, na ndilo linalohitaji kuandikwa kwa haraka. Ukuta wa miti na udongo au mabati, madirisha yaliyozibwa kwa magunia, televisheni moja juu ya meza ndefu, deki, jenereta nyuma ya ukuta. Nje ubao wa chaki: picha ya ngumi saa nane, ya Kihindi saa kumi, ya vita usiku. Mwenye banda alikuwa mtu mmoja anayefanya kazi zote: anakata kiingilio, anatia mafuta, anasafisha deki kwa spiriti, anawafukuza watoto wa shule, na wakati mwingine anawaingiza hao hao kwa mlango wa nyuma.

Hapa mahali petu panajionyesha. Sisi ni watu wa mpakani. Kutoka wilaya jirani ya Kyerwa ukivuka Murongo uko Uganda, na kule kulikuwa na ufundi wa mtu kukaa na kipaza sauti akaifasiri picha kwa Kiganda huku inaendelea, akiongeza mizaha yake. Mikanda hiyo ilivuka, na kwa kuwa wengi wetu Kiganda tunakisikia, ilikuwa na soko. Ufundi huo uliingia pia katika Kiswahili. Aliyeupa jina nchini ni Kapteni Derek Mukandala, aliyefahamika kama Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika katika mabanda mengi kuliko ya mwigizaji yeyote wa Marekani. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, ameandika juu ya watafsiri hawa na kuonyesha kwamba walikuwa wasanii kamili: waliibeba picha ya watu wa mbali wakaiweka katika maisha ya msikilizaji. Mtu asiyejua kusoma maandishi ya chini ya picha aliifuata hadithi mwanzo hadi mwisho. Huo nao ni ukurasa wa historia ya sinema.

Sasa, historia kama hii inaandikwaje? Nitaeleza tunavyofanya darasani, maana haihitaji shahada.

Kwanza, uliza vitu kabla ya kuuliza hisia. Usianze na "Sinema ilikuwa na umuhimu gani?" Utapewa hotuba. Uliza: banda lilikuwa nyuma ya duka la nani? Mabenchi yalikuwa mangapi? Kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na mtoto asiye na fedha alilipa kwa kitu gani? Wasichana waliingia? Mtu akishakumbuka benchi, mengine yanajileta.

Pili, pata mwaka kwa matukio. Wachache wanakumbuka tarehe, lakini kila mtu wa mkoa wetu wa Kagera anajua alikuwa wapi wakati wa vita vya Amin vya 1978 na 1979, wakimbizi wa Rwanda walipoingia mwaka 1994, meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996, Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, au ardhi ilipotetemeka Septemba 2016. "Banda lilifunguliwa kabla ya wakimbizi au baada yao?" Jibu linakuja bila kusita.

Tatu, pima unachoambiwa. Mwanafunzi mmoja alileta habari kwamba mjomba wake alitazama Commando ya Schwarzenegger kabla ya vita vya Amin. Commando ilitoka mwaka 1985. Hatukuitupa habari hiyo. Tulimrudisha kwa mjomba, na ikajulikana kwamba kumbukumbu mbili zilikuwa zimeungana: gari la sinema la utotoni na banda la ujanani. Tukapata historia mbili badala ya moja.

Nne, tafuta karatasi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka maonyesho ya hadhara yawe na kibali na ikaweka bodi hadi ngazi ya wilaya. Kwa hiyo pa kuanzia ni kwa afisa utamaduni na katika mafaili ya leseni za biashara. Kwa majumba ya mjini, magazeti ya zamani kama Tanganyika Standard yana matangazo ya picha za kila siku, na Shirika la Nyumba la Taifa ndilo lililorithi kazi za Msajili wa Majumba. Vijijini karatasi ziko kwenye masanduku: daftari la mahesabu, picha ya harusi ambayo nyuma yake banda linaonekana, kava za mikanda.

Najua yupo atakayesema mabanda hayo yalikuwa maficho ya watoro na picha chafu. Mimi ni mwalimu; utoro wa banda nimeuona kwa macho yangu. Lakini historia haiandiki mambo yenye sifa njema peke yake. Majumba ya mawe nayo yalilalamikiwa na wazazi na wakubwa wa zama zao, na leo tunayasikitikia.

Mabanda yaliyobaki yanaonyesha mpira wa Ulaya kwa dishi, na vijana wanatazama filamu kwenye simu. Katika muda mfupi hakutakuwa na mtu Nyakasimbi aliyewahi kusafisha deki. Kwa hiyo msomaji, popote ulipo, nakuomba jambo dogo: mtafute mwenye banda wa kijiji chako, au dereva wa gari la sinema kama bado yu hai. Kaa naye saa moja na simu yako ikiwa inarekodi. Andika jina la mahali, mwaka, kiingilio na picha zilizoonyeshwa, mwombe ruhusa ya kutunza maneno yake, kisha peleka nakala shuleni au maktaba iliyo karibu. Usisubiri mtafiti kutoka mbali. Yeye akija ataanza kwa kukuuliza wewe.